Nani mwenye kauli bondeni Kilombero?

Mkutano wa kijiji bondeni Kilombero huanza na karatasi ya mahudhurio. Mtendaji huizungusha mkono kwa mkono, watu wanaandika majina, na wasiojua kuandika wanapaka kidole wino na kukigandamiza mbele ya jina walilosomewa. Wazee wamekalia mabenchi yaliyotolewa shuleni, akina mama wametandika kanga upande wa kivuli, vijana wamesimama nyuma wameegemea pikipiki. Kisha mgeni kutoka wilayani anatambulishwa, ajenda inasomwa, ramani inafunguliwa. Mara nyingi ramani hiyo huwa imeshachorwa.

Karatasi ile husafiri mbali kuliko wengi wa walioisaini. Inaambatanishwa na muhtasari, inapanda halmashauri, mkoani, wizarani, mpaka kwa mfadhili, na kote inakofika inatoa ushahidi wa jambo moja, kwamba wananchi walishirikishwa. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa vijiji vya Kilombero vimeombwa saini nyingi kuliko maoni. Naamini hapo ndipo lilipo jibu la swali linalowasumbua wengi: kwa nini bonde lililopitiwa na miradi mingi kiasi hiki ya uhifadhi shirikishi limeendelea kuwa bonde la operesheni.

Bonde lenyewe limelala kati ya safu ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa pili. Mito ya Mnyera, Ruhudji na Mpanga inakutana kule juu, njiani inapokea maji ya Kihansi, Mngeta, Ruipa, Furua na Lumemo, na masika yakikolea tambarare nzima inafunikwa na maji. Yakishuka yanaacha udongo unaoupendeza mpunga, na mchele wa huku unatafutwa mpaka Dar es Salaam. Zaidi ya asilimia 60 ya maji ya mto Rufiji hutoka Kilombero. Hapa ndipo walipokuwa wengi wa sheshe wote waliobaki duniani, swala mwekundu wa majimaji ambaye nchi nyingi zimebaki kumwona vitabuni. Hapa pia yupo mnana asiyepatikana mahali pengine popote, ambaye wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 1990 tu, ingawa wavuvi wa Kivukoni walikuwa wakipita chini ya viota vyake tangu enzi za babu zao.

Mwenyeji wa hapa ana kalenda yake. Kuanzia Desemba, familia nyingi za wakulima wa mpunga huhamia shambani. Zinajenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, sakafu ya fito, paa la nyasi, ngazi ya kukwea. Juu yake mtu analala salama maji yakipita chini, na akiwa pale anawaona nguruwe, ndege, na siku nyingine tembo, kabla hawajaingia mpunga. Watoto wanaosoma huachwa kijijini na bibi zao. Baada ya mavuno, Juni au Julai, familia inarudi nyumbani. Ng'ombe wanaingia kula mabua. Wavuvi wanafuata mabwawa yaliyoachwa na mafuriko, wanapiga dago kandokando ya mto, wanavua kambale, perege na kitoga, wanabanika, wanapakia kwenye matenga. Kiangazi kikikaza, wanyamapori nao wanashuka kufuata majani mabichi ya mtoni.

Kwa hiyo ardhi ileile moja ni ya samaki Aprili, ya mpunga Mei, ya ng'ombe Agosti, ya sheshe Oktoba. Anayetaka kuisimamia lazima ajue iko mwezi gani. Mpaka wa bikoni za zege haujui miezi. Ukipita katikati ya mzunguko huu, mkulima yuleyule aliyelala kwenye dungu lake mwaka jana anaamka mwaka huu akiwa mvamizi, na dungu lake linaandikwa kwenye ripoti kuwa makazi haramu.

Mipaka hiyo ina historia ndefu kuliko miradi. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Ulanga na kuwakusanya kwenye makazi mapya, hoja ikiwa ni kuwakinga na malale. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya tambarare ikatangazwa Pori Tengefu la Kilombero. Wakati ule pori tengefu lilikuwa na maana nyepesi kwa mwananchi: uwindaji ndio uliodhibitiwa, kilimo na ufugaji havikukatazwa. Bwana nyama alikuwa akitafuta bunduki na nyama, hakujali majembe. Vijiji vikaendelea kukua humo. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975 ikapita Ifakara na Mlimba, Operesheni Vijiji ikawakusanya watu kando ya barabara na reli, shule na zahanati zikafuata, na baadhi ya vijiji hivyo vikapewa usajili na serikali ileile ambayo ramani yake nyingine ilikuwa bado inaonyesha pori.

Mwaka 2002 Tanzania ikaiingiza Kilombero katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, eneo la hekta 796,735. Watu wengi bondeni wameaminishwa kuwa "Ramsar" ni aina ya hifadhi inayofukuza watu. Mkataba wenyewe, uliotiwa saini Iran mwaka 1971, hausemi hivyo. Msingi wake ni matumizi ya busara, yaani watu waendelee kulima, kuvua na kuchunga kwa namna ambayo ardhioevu haifi. Laiti msingi huo ungesomwa kwenye mikutano kwa sauti ileile inayosoma makatazo.

Kilichobadilisha mambo ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Iliondoa ule wepesi wa zamani: kulima na kuchunga ndani ya pori tengefu bila kibali kukawa kosa. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 16, ilimtaka waziri apitie upya mapori tengefu ndani ya miezi 12, na ahakikishe kuwa ardhi ya kijiji haimo ndani yake. Vifungu hivi viwili vilizaliwa siku moja. Cha makatazo kilifika bondeni haraka, na askari. Kile cha kutenganisha ardhi ya vijiji kilichukua miaka, na katikati ya miaka hiyo ndipo watu walipoumia.

Nani hasa aliumia? Hapa inabidi tuache mazoea ya kukisema kijiji kama mtu mmoja. Wandamba ni watu wa maji na mpunga, Wapogoro na Wambunga ni wakulima wa siku nyingi, Wahehe na Wabena wameteremka kutoka milimani. Kuanzia miaka ya 1980 wakaja Wasukuma na makundi makubwa ya ng'ombe, wakaja Wamaasai, wakaja Wabarbaig ambao huku wanaitwa Wamang'ati. Wengine waliongezeka baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, kwa hoja ya kuokoa maji ya Ruaha. Operesheni ya bonde moja ikawa mgeni wa bonde jingine. Wilaya ya Kilombero, iliyokuwa na watu 321,611 katika sensa ya 2002, ilihesabu 407,880 mwaka 2012.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wasukuma hawakusubiri kupewa, walikuja na maksai na plau zao, na wakalima kwa siku chache eneo ambalo familia ya jembe la mkono ingelimaliza msimu mzima. Viongozi wa vijiji ndio waliowapokea. Michango ikatolewa, mingine ikaenda kwenye bati za madarasa na madawati, mingine hakuna aliyeisomewa mapato yake. Mkulima mwenyeji anayelalamikia ng'ombe kwenye mpunga wake mara nyingi ndiye pia anayekodi maksai wa jirani yake Msukuma. Mwenye heka 10 anayemkodisha mtu wa Ifakara mjini ana maslahi tofauti na kijana asiye na hata heka moja. Kijiji kinaposaini, basi, tuulize ni nani ndani ya kijiji aliyesaini, na kwa niaba ya nani.

Oktoba 2012 Serikali ilianza operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Ng'ombe kwa maelfu walitolewa, wengine kwa malori, wengine kwa miguu, na familia za wafugaji zikatawanyika kuelekea Lindi na kwingineko. Kwa wakulima wengi ilikuwa nafuu. Kwa wafugaji ilikuwa miezi ya hofu na mali kupotea. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Tokomeza nchi nzima dhidi ya ujangili, ikazaa vifo, mateso na unyanyasaji kiasi kwamba Bunge likaja juu, na Desemba 2013 mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Waliokuwa wakijifunza maana ya uhifadhi katika miaka hiyo miwili walijifunza kupitia mtutu.

Na ni katika miaka hiyohiyo ndipo mradi mkubwa wa ushirikishaji ulipoingia. KILORWEMP, uliogharamiwa na Ubelgiji pamoja na Tanzania, ulifanya kazi Kilombero na Rufiji mpaka mwishoni mwa muongo huo. Nauheshimu kwa mambo kadhaa. Ulikaa na vijiji kupima upya mipaka ya pori tengefu, kijiji kwa kijiji, kazi ngumu iliyokuwa ikikwepwa. Ulisaidia vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali, vile ambavyo watu wa pwani na maziwa wamevizoea kwa jina la BMU. Ulisaidia misitu ya vijiji. Uliisaidia pia ILUMA.

ILUMA ni jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, jina lake limekatwa kutoka Ifakara, Lupiro na Mang'ula. Wazo lake limetokana na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998: vijiji vikubali kutenga sehemu ya ardhi yao, viunde jumuiya yenye viongozi wa kuchaguliwa, vipewe haki ya kutumia wanyamapori, viingie mikataba na wawekezaji wa uwindaji au utalii, na angalau nusu ya mapato ya jumuiya yarudi vijijini. Kwa maandishi ni makubaliano ya haki. Kijiji kinatoa ardhi, kinapata fedha na kauli.

Ukifuatilia jumuiya za namna hii, za hapa na za kwingine nchini, unaona mgawanyo mwingine. Vijana wa doria wanatoka vijijini. Ndio wanaolala porini, wanaokutana na majangili wenye silaha, wanaomkamata jirani yao na mitego ya waya na kisha kukutana na mkewe kisimani. Posho zao hutegemea mfadhili, na mfadhili akiondoka buti zinachakaa bila kubadilishwa. Lakini kitalu cha uwindaji kinagawiwa wizarani, bei za wanyama zinapangwa wizarani, kanuni zinatungwa na kubadilishwa wizarani: ziliandikwa 2002, zikarekebishwa 2005, 2012 na 2018. Jumuiya husubiri mgawo wake uteremke, nao huteremka ukiwa umechelewa. Kazi zimegatuliwa kweli. Maamuzi yamebaki yalipokuwa.

Mwanasayansi wa siasa wa Marekani Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jamii zinazosimamia kwa pamoja malisho, misitu, mifereji na uvuvi bila kuviua. Alikuta mambo yanayojirudia. Wanaoguswa na kanuni wana nafasi ya kuzibadilisha. Wanaolinda wanawajibika kwa watumiaji wenyewe. Adhabu huanza ndogo na kupanda polepole. Serikali inaheshimu haki ya watu kujipangia. Pima Kilombero kwa vigezo hivyo. Mvuvi aliyekamatwa bila kibali hapewi onyo na baraza la wavuvi wenzake. Anapelekwa Ifakara au Malinyi mahakamani. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekutwa ndani ya mpaka anaweza kuwaona wakipigwa mnada, na malalamiko ya namna hiyo yamekuwa kilio cha kila msimu. Adhabu huanzia juu kabisa.

Tukienda Mang'ula, chini ya Udzungwa, tunawakuta akina mama. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikakoma. Hoja ya kiikolojia ilikuwepo: miti inayoanguka ni makazi na chakula cha viumbe wengi, na nyuma ya kuni kavu panga liliingia. Lakini nani alipikia nini kesho yake? Majiko banifu yalihimizwa, miti ikapandwa, na mti haukui kwa msimu mmoja. Mzigo wa amri ile ulitua kichwani mwa wale ambao katika mkutano walikalia kanga, na ambao majina yao ni nadra kuonekana kwenye safu ya waliochangia hoja. Kila mpango wa pamoja usiohesabu kuni, maji na mboga za porini unakuwa umewasahau nusu ya watu.

Kuna wengine ambao hawakai kwenye mkutano wa kijiji kabisa, na kauli yao ndiyo nzito kuliko zote. Kidatu ipo Kampuni ya Sukari Kilombero na mashamba yake ya miwa. Yapo mashamba ya misaji yaliyoanza miaka ya 1990. Mngeta lipo shamba la mpunga la zaidi ya hekta 5,000, lililoanzishwa kwa ushirikiano na Korea Kaskazini, likaja kuwa fahari ya mpango wa kilimo wa SAGCOT uliozinduliwa Dar es Salaam mwaka 2010, kisha mwaka 2019 likaanguka mikononi mwa wadai. Na chini ya mto kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ambalo ujenzi wake ulianza 2019. Tangu bwawa lianze kujengwa, kila heka ya mpunga na kila ng'ombe wa Kilombero amepimwa kwa maji ya mitambo. Ni hoja ya kweli: mto ukipungua kina, taifa zima litakosa umeme. Ila kama bonde hili linatunza maji kwa ajili ya taa za nchi nzima, basi mtunzaji anastahili kukaa kwenye meza ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kama mshirika mwenye madai, na tuzungumzie anacholipwa kwa utunzaji huo. Hadi sasa mazungumzo ni ya anachokatazwa.

Siasa ya vyama haiko mbali na haya. Mwaka 2015 majimbo yote mawili, Kilombero na Mlimba, yalikwenda kwa wabunge wa CHADEMA, na mtu aliyesikiliza kampeni za huku anajua ardhi, mipaka na mifugo havikukosekana jukwaani. Wanasiasa wa pande zote wamejifunza kuwaahidi wakulima kuwa wafugaji wataondoka, na kuwaahidi wafugaji, usiku, kuwa watabaki. Uchaguzi ukikaribia bikoni hulegea. Ukipita, hukaza. Mwananchi anayepanga kilimo chake kwa kusoma kalenda ya uchaguzi hana sababu ya kupanda mti, kuchimba mfereji au kuheshimu mpaka ambao anaamini utasogezwa.

Januari 2019 Rais John Magufuli aliagiza vijiji vilivyomo ndani ya maeneo ya hifadhi visiondolewe kwanza. Kamati ya mawaziri wanane ikazunguka, na vijiji 920 kati ya 975 vyenye mgogoro nchi nzima vikaruhusiwa kubaki. Bondeni watu walishangilia. Kisha, Februari 2023, Pori Tengefu la Kilombero likapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Vipande vingine vilirejeshwa vijijini, vipande vingine vikafungwa kwa nguvu kuliko vilivyowahi kufungwa. Kwenye pori la akiba mtu haingii bila kibali cha maandishi. Dago la mvuvi Mndamba, pale alipovua baba yake na babu yake, likawa mahali pa kuombea ruhusa.

Sitaki kuonekana kama nadhani TAWA haina hoja. Sheshe wamepungua vibaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kila aliyevuka kivuko cha zamani cha mto Kilombero anaweza kulinganisha alichokiona wakati ule na anachokiona leo juu ya Daraja la Magufuli lililofunguliwa mwaka 2018. Mashamba yamesogea mpaka ukingoni mwa mto. Milimani misitu imekatwa, na mto Lumemo ukijaa unaingia Ifakara yenyewe, sebuleni na madarasani. Bonde linahitaji mipaka. Ninachodai ni kwamba mpaka uliokubaliwa na wanaoishi pembeni yake unalindwa na watu wengi, na ule uliotangazwa tu unalindwa na waliolipwa kuulinda. Tambarare ya karibu kilomita za mraba 8,000 haina askari wa kutosha, wala haitapata.

Mfano ninaoutaja kila ninapoambiwa kwamba haya ni maneno ya vitabuni uko hapohapo Mang'ula. Tembo wa Udzungwa na tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ni ndugu waliotenganishwa na mashamba, barabara na reli. Shirika la uhifadhi wa tembo la STEP, pamoja na vijiji vya Mang'ula A, Kanyenja na Sole, walianza mazungumzo ya kuifungua tena njia yao. Mazungumzo yalikwenda shamba kwa shamba, kwa mwenye shamba mwenyewe. Waliotoa ardhi walilipwa. Ilikubaliwa kuweka uzio pembeni ya njia ili tembo wasitoke kuingia kwenye miwa na mpunga wa watu, na barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara ilipojengwa, ikawekewa tundu la kutosha tembo kupita chini yake, la kwanza la aina yake nchini. Miti ya asili ikapandwa palipokuwa mashamba.

Mambo hayo yalichukua miaka, na yaligharimu fedha nyingi kwa kipande kifupi cha ardhi. Watetezi wa operesheni huishika hoja hiyo: huwezi kulipa bonde zima namna ile. Labda. Lakini hesabu ya operesheni nayo ipigwe yote, malori, posho, kesi, mifugo iliyokufa njiani, mashamba yaliyoachwa na mavuno, watoto waliohama shule katikati ya muhula, na kisha kurudia kazi ileile kila baada ya miaka michache kwa sababu watu wamerudi. Hakuna anayeijumlisha hesabu hiyo kwenye safu moja.

Njia nyingine mbili za tembo, ya Nyanganje na ya Ruipa, ziliripotiwa kuzibwa na mashamba na makazi tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Siku yoyote kuna atakayependekeza Ruipa ifunguliwe, na napenda ifunguliwe. Wapo pale sasa wakulima wenye mpunga, wapo Wasukuma wenye majaruba na watoto waliozaliwa hapo, wapo wenye hati za kimila walizopata kupitia mpango wa upimaji uliofanyika Kilombero, Ulanga na Malinyi kati ya 2016 na 2019. Hati hizo zina mihuri ya Serikali. Anayekwenda kuzungumza nao aende baada ya mavuno, Julai, watu wakiwa wamerudi kutoka madunguni. Awe na fedha ya fidia iliyokwisha kuidhinishwa, akae na wafugaji na akina mama katika vikao vyao kabla ya ule mkutano mkuu, na ramani aliyobeba iwe tupu.